Marehemu Miongoni mwa Waombolezaji

Mwanafunzi wa Butembo anayejiandaa kwa mtihani wa taifa hupewa uchoraji wa Ulaya wa karne ya 19 kwa aya mbili. Katika ya kwanza kuna ulimbwende: hisia kali, ndoto, milima na mawingu, mashujaa wanaokufa kwa madaha. Katika ya pili kuna uhalisia, ambao inasemekana ulikuja na mapinduzi ya 1848, ukawafukuza mashujaa hao na kuwaingiza wakulima na wavunja mawe pamoja na tope lao na jasho lao. Wale waliikimbia dunia, hawa wakaikodolea macho. Ni hadithi inayokaririka haraka, na mwalimu naye anapata cha kusahihisha.

Ingebaki darasani nisingehangaika nayo. Lakini imetoka nje ikawa hakimu. Kijana wa Beni mwenye mkono mzuri wa brashi akichora Ruwenzori na theluji yake asubuhi, wenzake humwambia anajificha: watu wanachinjwa Eringeti na Mbau, wewe unachora mlima? Mwingine akichora maiti waliotapakaa shambani, huyo hupigiwa makofi; ni jasiri, ni msema kweli. Hukumu zote mbili hutoka kabla picha yenyewe haijatazamwa.

Mimi naona hukumu hiyo ni mbovu kwa sababu msingi wake ni mbovu. Walimbwende waliokuwa na uzito walifukua habari mpaka mikono ikachafuka, na wahalisia walipanga, walichagua, na walipohitaji walibuni mchana kweupe. Anayetaka kujua ni picha gani inasema kweli juu ya Beni hatasaidiwa na jina la shule ya uchoraji.

Tuanze na meli. Tarehe 2 Julai 1816, meli ya kivita ya Ufaransa iitwayo Méduse ilikwama kwenye fungu la mchanga karibu na pwani ya Mauritania. Ilikuwa njiani kwenda Senegal, ambako Wafaransa walikuwa wanarudishiwa koloni lao na Waingereza. Nahodha wake, Chaumareys, alipewa usukani kwa sababu ya utiifu wake kwa ukoo wa mfalme. Alikuwa na zaidi ya miaka 20 bila kuongoza chombo baharini. Mashua hazikutosha. Watu wapatao 147 walisongamana juu ya chelezo kilichoungwa kwa mbao na milingoti, wakubwa waliokuwa ndani ya mashua wakaahidi kukivuta, kisha kamba zikaachwa. Siku 13 baadaye meli ya Argus ilipokiona chelezo, waliokuwa hai walikuwa 15. Wengine walikuwa wamemalizwa na kiu, na mawimbi, na mapanga ya wenzao, na waliobaki walikuwa wameonja nyama ya maiti. Kwetu huku, penye maziwa na mashua zinazojazwa kupita kiasi, sidhani kuna msomaji anayehitaji kufafanuliwa habari ya mkubwa aliyepata cheo kwa kujuana na wadogo walioachwa majini.

Théodore Géricault alikuwa na miaka 27 alipomaliza kuichora habari hiyo. Vitabu vya shule humwita baba wa ulimbwende katika uchoraji wa Kifaransa. Basi tuone huyo mtu wa ndoto alivyofanya kazi. Aliwatafuta manusura wawili, tabibu Savigny na mhandisi Corréard, ambao walikuwa wamekwisha kuchapisha kitabu chao mwaka 1817, akawahoji. Alimpata seremala wa meli ileile akamtengenezea mfano mdogo wa chelezo, ubao kwa ubao. Alikwenda hospitali ya Beaujon kuwatazama wanaokata roho, na akaleta viungo vya maiti kwenye karakana yake ili aone ngozi inavyogeuka rangi siku zinavyopita. Alinyoa kichwa asije akashawishika kutoka kwenda kustarehe mjini. Hapo hakuna ndoto. Huo ni uchunguzi ambao mahakama nyingi za kwetu hazijaufanya kwa mauaji yaliyotokea umbali wa saa moja kwa pikipiki kutoka mlangoni mwake.

Picha ilionyeshwa Paris mwaka 1819, kubwa kama ukuta, karibu mita 5 kwenda juu na 7 kwenda upande. Itazame sasa. Miili iliyo juu ya chelezo imejengeka kama ya wanamieleka. Mapaja manene, vifua vipana. Mtu aliyekaa karibu wiki mbili bila chakula hawi hivyo, na Géricault alikuwa ameona miili ya wagonjwa kwa macho yake, kwa hiyo hakuteleza. Kula watu, jambo ambalo kila Mparisi alikuwa amelisoma, hakukuweka mbele. Na pale juu kabisa, mahali ambapo macho yote ya kwenye chelezo na ya ukumbini yanapelekwa, amemweka mtu mweusi aliyetugeuzia mgongo, anapunga kitambaa kuelekea meli iliyo ndogo kama punje ukingoni mwa bahari. Aliyekaa kwa ajili ya kuchorwa alikuwa Joseph, mzaliwa wa Saint-Domingue, nchi ambayo leo ni Haiti. Miongoni mwa manusura 15 palikuwa na askari mweusi mmoja. Géricault akachora watu weusi watatu, na mmoja wao akampa kilele.

Kwa nini? Kumbuka meli ilikuwa inakwenda Senegal, na biashara ya watumwa, ingawa ilikuwa imepigwa marufuku kwenye karatasi, ilikuwa bado inaendelea. Mchoraji aliyekusanya ushahidi wote ule akaamua kwamba ushahidi peke yake haumalizi neno. Aliongeza nyama kwenye miili ili mtazamaji asiione kama mizoga ya kuhurumiwa kwa mbali. Alimweka Mwafrika kileleni ili mtazamaji aulize nani hasa ameachwa na Ufaransa. Kwa kipimo cha aya mbili za darasani hayo ni madoido. Kwangu ni hoja, na hoja hiyo ina msingi kuliko orodha ya majina ya waliokufa iliyobandikwa ofisini na kusahaulika.

Sasa twende upande wa pili, kwa yule anayesifiwa kwamba hakuchora asichokiona. Gustave Courbet alitoka Ornans, mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa. Mwaka 1849 alianza kuchora maziko ya huko kwao, turubai lenye upana wa zaidi ya mita 6, watu kama 50 wa kimo cha kawaida, wamejipanga mstari kando ya kaburi. Paris ilikasirika. Ukubwa ule ulikuwa wa wafalme na vita. Nani alimruhusu kuwapa wauza mvinyo na wakulima? Hapo Courbet alishinda kweli, na simnyang'anyi ushindi wake. Kuwapa watu wa kawaida ukuta wa wafalme ni siasa kubwa kuliko hotuba nyingi.

Lakini itazame picha yenyewe. Kaburi limechimbwa mbele kabisa, katikati, nusu yake imekatwa na fremu, kiasi kwamba anayetazama anahisi miguu yake iko ukingoni. Wabeba jeneza wamegeuza nyuso. Wahudumu wa kanisa wamevaa majoho mekundu, na pua zao zinafanana na majoho. Mbwa mweupe ameangalia kwingine. Wanawake wako kulia na leso zao, wanaume katikati, na hakuna hata mmoja anayetazama juu. Kushoto kabisa, nyuma ya wabeba jeneza, kuna mzee. Ni Oudot, babu yake Courbet upande wa mama. Alikuwa amefariki Agosti 1848, mwaka mmoja kabla ya mjukuu wake kuanza kuichora picha hiyo.

Yaani katika picha iliyofanywa nembo ya uhalisia, marehemu amekuja kuzika. Na hao wengine je? Karakana ya Courbet ilikuwa finyu, akawaita watu wa Ornans mmoja mmoja kuja kuchorwa: meya, padri, mama yake, dada zake. Hakuna siku watu wale wote walisimama pamoja mahali pale wakitazama kaburi lile. Maziko hayo yamejengwa.

Mhalisia wa darasani angepaswa kumkatia Courbet alama. Mimi simkatii. Aliyewahi kukaa matangani Butembo usiku kucha anajua kwamba majina ya waliotangulia hutajwa mpaka unahisi wako uani wanasubiri chai. Kumsimamisha babu kando ya kaburi ni kusema ukweli wa maziko kwa njia ambayo kamera haiwezi. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba Courbet alisema kweli kwa sababu hakuongeza kitu. Aliongeza, tena mtu mzima.

*Wavunja Mawe* wake wa mwaka huohuo wa 1849 nao ni hivyohivyo. Aliwakuta wanaume wawili barabarani wakiponda kokoto, akawaambia waje karakanani kesho yake. Akawachora mmoja mzee na mmoja kijana, na nyuso zote mbili akazificha, moja chini ya kofia, nyingine kwa kumgeuza mtu. Mzee na kijana wamekuwa mwisho na mwanzo wa maisha yaleyale. Turubai hilo liliteketea mwaka 1945 karibu na Dresden, likisafirishwa wakati wa mabomu. Tunalijua kwa picha zilizopigwa kabla. Na mwaka 1855, alipojenga banda lake binafsi la uhalisia huko Paris baada ya baadhi ya kazi zake kukataliwa kwenye maonyesho makubwa, picha kuu aliyoiweka humo aliitambulisha katika jina lake kama istiari ya kweli. Mwenye shule mwenyewe hakuuheshimu ukuta ambao walimu wetu wameujenga.

Atakayenipinga ana silaha nzito, nayo ni Eugène Delacroix. Mwaka 1827 alichora kifo cha Sardanapalus, mfalme wa Waashuru, amelala juu ya kitanda chekundu akitazama wanawake na farasi wake wakichinjwa kwa amri yake. Wakati huo Delacroix alikuwa hajakanyaga Mashariki yoyote. Morocco na Algeria alifika mwaka 1832. Hiyo ni njozi ya Ulaya juu ya watu wengine, na njozi za namna hiyo zilitufikia zikiwa na bunduki. Nakubali, na naongeza la kwetu. Mwaka 1925 Mfalme Albert wa Ubelgiji alianzisha hifadhi ambayo leo inaitwa Virunga. Nyuma ya sheria ile kulikuwa na picha ya kilimbwende iliyokuwa inatembea vichwani mwa watu wa Ulaya: milima, misitu, wanyama, na hakuna mtu. Waliokuwa wakilima na kuvua humo wakaonekana kama doa juu ya turubai. Ugomvi wa mipaka ya hifadhi unaendelea mpaka leo, na wakulima wa Beni wanaujua vizuri. Kwa hiyo ndiyo, Ruwenzori iliyochorwa bila mtu inaweza kuwa uongo, na uongo wenye madhara.

Lakini si kwa sababu ni mlima. Ni kwa sababu mchoraji wake hakumuuliza mtu yeyote anayeishi chini yake. Delacroix huyohuyo, mwaka 1824, alionyesha picha ya mauaji ya kisiwa cha Chios yaliyotokea miaka miwili kabla, askari wa Milki ya Osmani walipowamaliza Wagiriki kwa maelfu na kuwauza waliobaki. Hakuwa amefika Ugiriki, ila alikaa mezani na afisa Mfaransa aliyepigana upande wa Wagiriki akamsikiliza. Kilichotoka si vita. Hakuna shujaa, hakuna upanga wa ukombozi. Mbele wameketi watu waliochoka, mume na mke wameegemeana, kikongwe ametoa macho, mtoto anatafuta ziwa la mama aliyekwisha kufa. Wanangoja. Aliyewaona watu wakisubiri chini ya ukuta wa kanisa Oicha, siku ya pili baada ya shambulio, atamwelewa Delacroix upesi kuliko Mparisi wa 1824 alivyomwelewa. Kwa hiyo ndani ya mtu mmoja, ndani ya mkondo uleule, ndani ya miaka mitatu, tuna picha ya kweli na picha ya njozi. Jina la mkondo halikumsaidia wala halikumzuia.

Jina la uhalisia nalo halimlindi mtu. Mwaka 1934 Umoja wa Kisovyeti uliufanya uhalisia wa kijamaa kuwa sera ya dola, na wachoraji wakatoa wakulima wanene wanaocheka kando ya matrekta katika nchi iliyotoka kuzika mamilioni kwa njaa. Sidhani hapo pana haja ya maneno zaidi.

Kongo nayo ina ushahidi wake, na ni aibu kwamba vijana wetu wanaujua wa Paris kabla ya huu. Mwaka 1946, Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kama Hangar. Aliwataka wachoraji wake wasiige Ulaya, wachote kutoka ndani yao na kutoka porini. Pili Pili Mulongoy akatoa nyoka, samaki na ndege wa ajabu kwa uzuri wao. Bela alichora kwa ncha za vidole. Ni kazi za mabingwa, wala sizibezi. Ila zitazame ukijua kwamba miaka mitano kabla, Desemba 1941, katika mji huohuo, askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kudai mshahara. Hangar haikuwa na nafasi ya mgomo. Ulimbwende ambao mwenye karakana alidhani ni wa Kiafrika ulikuwa wake yeye.

Aliyekuja kuuchora mgomo ule ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, miaka sita baada ya risasi. Hakusomea uchoraji. Alichora juu ya magunia ya unga yaliyopakwa rangi ya chini, akiwauzia wafanyakazi na makarani kwa bei ya mtu wa kawaida. Kati ya 1973 na 1974 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, akamtengenezea historia nzima ya nchi kwa picha karibu 100, huku akimweleza kila moja kwa Kiswahili cha Katanga. Fabian alichapisha mazungumzo hayo pamoja na picha mwaka 1996. Tshibumba alijiita mwanahistoria, na hakuwa anatania.

Mwulize sasa mwanafunzi wetu Tshibumba aende aya gani. Kifo cha Lumumba na wenzake Mpolo na Okito amekichora miili ikiwa chini, na nyuma yao juu ya kilima misalaba mitatu. Damu ya Lumumba inatiririka ardhini na kuandika neno la Kifaransa la umoja. Hakuna aliyeuona mchoro huo wa damu usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Hata hivyo yote aliyokuwa nayo Tshibumba, redio, maneno ya wazee, mafundisho ya kanisani, uvumi wa mitaani, aliyapitisha kichwani mwake kama anayeandaa kesi. Kazi hiyo ni ileile ya Géricault: kwanza sikiliza, kisha amua.

Au chukua picha iliyozagaa kuliko zote, ile waliyoiita *Colonie belge*. Wachoraji wengi waliirudia, kila mmoja kwa mkono wake. Uwanja wa gereza. Mfungwa amelazwa kifudifudi, nguo imeshushwa, na askari mweusi mwenye kofia nyekundu anamchapa fimbo. Mistari ya damu inaonekana. Mzungu amesimama pembeni, mara nyingi mikono mfukoni. Wanawake wameleta chakula na wanangoja. Bendera ya Ubelgiji iko juu ya jengo. Wafanyakazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi waliining'iniza sebuleni, juu ya redio, mahali pa heshima. Hawakuinunua kwa ajili ya kujua Wabelgiji walichapaje. Hilo walikwisha kulijua. Waliinunua iwe ukumbusho, na aliyeitundika chini ya utawala wa Mobutu alijua vizuri kwamba fimbo haikuzikwa mwaka 1960. Picha inayowaeleza watu walichokwisha kukijua, kwa namna inayowaruhusu kusema walichokatazwa kukisema: hiyo hata mtu akiipa jina gani, inafanya kazi.

Turudi Beni. Tangu Oktoba 2014 watu wa Oicha, Mbau, Eringeti, Rwangoma na vijiji ambavyo majina yake hujulikana siku ya mazishi tu wamekuwa wakiuawa, wengi kwa mapanga. Picha za mauaji hayo tunazo. Ziko kwenye simu ya kila dereva wa pikipiki. Hutumwa asubuhi kabla ya salamu, na imewahi kutokea zaidi ya mara moja kwamba miili iliyoonyeshwa kuwa ya Beni ilipigwa picha nchi nyingine, mwaka mwingine. Maiti kwenye simu hana jina, hana shamba, hana deni. Kama uhalisia ni kuonyesha kilichotokea bila kuongeza wala kupunguza, basi hakuna mkoa Afrika wenye uhalisia mwingi kuliko wetu, na hautusaidii.

Ebola ilitufundisha jambo hilohilo kwa uchungu. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 Mangina ulidumu mpaka Juni 2020 na kuua zaidi ya watu 2,200. Tulikuwa na picha halisi za kutosha: watu waliovaa mavazi meupe mwili mzima, miwani, glavu, mfuko wa maiti unaobebwa na wageni. Kila picha ilikuwa sahihi. Na kila picha, kwa familia nyingi za Butembo, ilisema kwamba wamekuja watu wasio na uso kuchukua wapendwa wetu wasiwarudishe. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilivamiwa. Sisemi picha ndizo zilizovamia. Kulikuwa na siasa, pesa na uchaguzi ulioahirishwa kwetu. Nasema usahihi wa picha haukuwa kinga dhidi ya uongo. Kama mchoraji mmoja wa mabango angepewa ukuta achore nesi akivua miwani na kumsalimia mama kwa jina lake, angekuwa anabuni, na angekuwa amesema jambo la kweli lililokuwa linakosekana.

Kuna kitu kingine watu hukicheka bure. Goma, kwenye mzunguko mmoja mkubwa, pana sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Nimesikia vijana wakisema ni dhihaka, kwamba msukuma chukudu wa kweli amejaa vumbi na nyonga zinamuuma. Bila shaka zinamuuma, na hakuna mkazi wa Goma wala Butembo anayehitaji sanamu kuambiwa hivyo. Dhahabu imepakwa kusema jambo jingine: viazi, mkaa na mbao za mji huu zilisukumwa na mtu huyu. Courbet aliwapa wanakijiji ukuta wa wafalme. Hapa mbeba mizigo amepewa mng'ao wa wafalme. Kwangu ni tendo moja.

Kwa hiyo ninapotazama kazi ya kijana wa kwetu, maswali yangu hayamo katika aya mbili za mtihani. Nani alimweleza? Alikaa naye muda gani? Ameacha nini nje, na kwa nini? Anayechora maiti wa kijiji cha Mayi-Moya kwa kunakili simu yake, bila kuongea na mtu yeyote wa Mayi-Moya, ananifanyia njozi ileile ya Sardanapalus, ila rangi zake ni za damu yetu. Na yule wa Ruwenzori, kama chini ya theluji amechora kilima cha kakao ambacho wenye mashamba hawathubutu kukipanda, kakao zimeiva na kukauka mitini kwa sababu atakayekwenda kuvuna huenda asirudi, basi amechora vita bila kuchora askari hata mmoja. Mlima wake umesema ukweli mkubwa kuliko damu ya mwenzake.

Mikono ipo. Butembo haina upungufu wa watu wanaoandika mabango ya maduka ya dawa na saluni, wanaochora nyuso kwenye vibao na malaika kwenye kuta za makanisa. Chéri Samba, anayejulikana leo mpaka Paris na New York, alianzia kwenye mabango ya namna hiyo Kinshasa, akafungua karakana yake mwaka 1975. Kinachokosekana kwetu ni mnunuzi. Uchoraji wa Katanga uliishi kwa sababu wafanyakazi wa migodi walinunua, na ulinyauka pale mishahara ilipopoteza thamani. Mfululizo wa Tshibumba uko katika jumba la makumbusho Amsterdam.

Nawaambia basi wafanyabiashara wa Butembo, ninyi mliochangishana kwa ajili ya barabara na umeme serikali ilipokuwa mbali: sebule zenu zina saa za ukutani, kalenda za benki na maua ya plastiki. Mwagizeni mchoraji. Msimwambie achore mlima, wala msimwambie achore maiti. Mpeni nauli ya kwenda Oicha na ya kurudi, pesa ya kula kwa wiki mbili, akae na waliokimbia na waliorudi mashambani, awasikilize mpaka wachoke kusema. Kisha mnunulieni turubai kubwa, na mlipe kazi hata kama haikufanana na mlichotarajia.